Krismasi Bila Deni Jijini Dar es Salaam: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kwa miaka tisa nimekuwa mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, chenye wanachama 28 hapa Tabata, na kazi hiyo imenizoesha kuipima Desemba kwa kutazama daftari la Januari. Wanaofika kuomba mkopo wa dharura katika wiki ya pili ya Januari si wavivu wala si walevi. Wengi wao ni watu wenye mishahara au biashara zinazoeleweka, ila walipiga hesabu za sikukuu zikaishia tarehe 25, wakasahau kwamba fedha ileile ilitakiwa iwavushe hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Desemba ya 2019 nilikopa shilingi 300,000 kwa mmoja wa wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Januari nilimudu kulipa riba peke yake, Februari na Machi hali ikawa hiyohiyo, na nilipofunga deni mwishoni mwa Aprili nilikuwa nimetoa shilingi 660,000.

Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata nyumbani kwangu tangu wakati huo, na ndizo ninazowaeleza wanachama kila ifikapo Oktoba. Aliyechelewa anaweza kuzianza hata Desemba, mradi asiruke ya kwanza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya Januari kabla ya hesabu ya Krismasi

Waajiri wengi hutoa mshahara wa Desemba mapema ili watu wapate fedha ya sikukuu. Wema huo una mtego ndani yake, kwa kuwa mshahara wa Januari hautangulizwi. Ukilipwa tarehe 22 Desemba na kulipwa tena tarehe 30 Januari, mshahara mmoja unatakiwa kulisha nyumba kwa siku 39. Kwa hiyo chukua karatasi, andika juu kabisa idadi ya siku zako, kisha orodhesha matumizi yasiyojua kama kuna sikukuu: chakula cha kila siku, nauli ya kwenda kazini, umeme, maji na gesi, pamoja na mahitaji ya shule.

Tuchukue mfano wa nyumba inayoingiza shilingi 750,000. Chakula kikiwa shilingi 10,000 kwa siku, siku 39 zitakula 390,000. Anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa shilingi 600 kila moja, hutumia 2,400 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi hiyo ni 57,600. Umeme, maji na gesi tuvikadirie 60,000. Sare, viatu na madaftari ya watoto wawili tuviwekee 120,000, kwa sababu ada katika shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini duka la sare halikuhusishwa katika uamuzi huo. Jumla ni 627,600. Zinazobaki ni shilingi 122,400, na hizo ndizo Krismasi na Mwaka Mpya vya nyumba hiyo, si shilingi 750,000 zilizoonekana kwenye simu tarehe 22.

Mfano huu haukugusa kodi ya nyumba. Katika jiji hili ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, mpangaji ambaye mkataba wake unaisha Januari au Februari anapaswa kuiandika kodi juu ya chakula. Vivyo hivyo kwa mwenye mtoto katika shule binafsi inayodai awamu ya kwanza ya ada siku ya kufungua. Ikiwa hesabu yako itaonyesha kwamba hakuna kinachobaki, usiichane karatasi. Nenda hatua ya pili ukiwa nayo mkononi.

Hatua ya 2: Ipe sikukuu chanzo chake cha fedha

Njia isiyo na maringo ni kibubu. Fundi seremala yeyote atakutengenezea cha mbao kisichofunguka bila kuvunjwa, na shilingi 5,000 kwa wiki kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi katikati ya Desemba huwa zimefikia 50,000 au 55,000. Wapo wanaopendelea kuweka akiba kwenye simu. Sina ugomvi nao, ila fedha iliyo kwenye simu hutoka kwa kubonyeza mara nne tu, wakati kibubu hudai nyundo, na kelele ya nyundo humfanya mtu ajiulize mara mbili.

Chanzo cha pili ni mgao wa kikoba, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa kuwa ndipo ninapoona makosa mengi. Vikoba vingi huvunja mzunguko wake Desemba, na mwanachama hupokea hisa zake pamoja na faida. Kwa kuwa fedha hiyo inakuja kwa mkupuo na inafika wakati barabara za Kariakoo hazipitiki kwa wanunuzi, huonekana kama zawadi iliyodondoka kutoka mbinguni. Si zawadi, ni mshahara wako wa miezi kumi na miwili iliyopita ulioukata kidogokidogo. Nawashauri wanachama waugawe mgao siku hiyohiyo unapopokelewa, kabla haujafika nyumbani: sehemu ya kwanza inunue mahitaji ya shule palepale, sehemu ya pili ipelekwe kwenye kodi au hisa za kuanzia mzunguko mpya, na kinachosalia ndicho kiingie kwenye sikukuu. Mwaka mmoja tulikubaliana kugawa asubuhi ya siku ya kazi badala ya Jumamosi jioni, ili maduka ya vifaa vya shule na benki viwe wazi, na maombi ya mikopo ya Januari yalipungua kuliko tulivyotarajia.

Anayecheza upatu, ule mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, aombe zamu yake iangukie Novemba. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, akiwa mwelewa hukubali ikiwa ombi limefika mapema, mchezo unapoanza.

Hatua ya 3: Kaa kikao na familia, kisha jibu kadi za michango

Taja kiasi kilichopo mbele ya watu wote wa nyumbani, watoto wakiwemo. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa kwamba kuna shilingi fulani, na kwamba akichagua viatu vya taa hakutakuwa na safari ya ufukweni Kigamboni. Asichoelewa ni kunyimwa bila kuambiwa sababu.

Kinachovunja bajeti kwa kimya ni michango. Desemba ni msimu wa harusi, na miezi ya mwisho wa mwaka ina sherehe za komunio, kipaimara na ubarikio, kila moja ikiwa na kadi yake na kundi lake la WhatsApp lenye mhazini asiyechoka kukumbusha. Tenga kiasi kimoja cha michango yote ya msimu, kigawe kwa ukaribu wa watu, na mjibu kila mmoja mapema kwa kiwango unachokiweza. Ahadi ya 20,000 inayolipwa Novemba humsaidia mwenye shughuli kuliko ahadi ya 100,000 inayofukuzwa hadi usiku wa sherehe. Kwa wale ambao huwezi kuwachangia kabisa, pongezi za mdomo na mikono ya kusaidia kupika zinakubalika. Uswahilini kwetu shughuli ni watu.

Hatua ya 4: Panga chakula kwa vichwa, si kwa hamu

Hesabu walaji kwanza. Kwa watu wazima kumi, kilo mbili za mchele na kilo moja na nusu ya nyama hutoa pilau ya kutosha, hasa ukiongeza viazi kama wapikavyo watu wa pwani, na kachumbari pembeni. Mchele, vitunguu na viungo havina haja ya kusubiri wiki ya Krismasi. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vinunue Novemba, nzima na kwa kupimiwa, kwani vile vya kusagwa vilivyofungwa kwenye vipakiti vidogo huuzwa ghali kwa uzito na hupoteza harufu mapema. Mchele ununue na majirani: mfuko mmoja wa jumla kutoka Tandika au Manzese ukigawanywa kwa nyumba nne unaacha nafuu inayoonekana.

Nyama nayo ina njia yake ya ujirani. Nyumba nane au kumi zinaweza kuchanga na kununua ng'ombe katika mnada wa Pugu, au mbuzi wawili kwa wenye uwezo mdogo. Kabla ya kukubali bei, kumbuka kwamba nyama hutoka karibu nusu tu ya uzito wa mnyama akiwa hai, hivyo mbuzi wa kilo 30 atakupa kama kilo 14 au 15, mifupa ikiwemo. Achinjwe kwenye machinjio yanayotambulika ili nyama ikaguliwe na mtaalamu wa mifugo, na achinjwe na Mwislamu, kwa kuwa katika mitaa yetu sahani ya Krismasi huvuka ukuta kwenda kwa jirani kama vile sahani ya Idi inavyokuja kwetu, na nyama ambayo jirani hawezi kuila huwa imepoteza nusu ya kazi yake. Mgawanyo ufanywe kwa mizani, kila fungu likiwa na mnofu, mfupa na sehemu ya utumbo, na majina yaitwe kwa kura.

Kuku wa kienyeji hupanda bei kadiri tarehe 25 inavyokaribia. Mwenye nafasi ya banda anunue wiki tatu kabla na kumlisha pumba na mabaki ya jikoni, ila asiwaruhusu watoto wampe jina. Jogoo wetu wa mwaka juzi alipewa jina, na hadi leo anawika.

Kuhusu vinywaji, kreti la soda lina chupa 24 na muuzaji hudai amana ya chupa tupu kwa asiye nazo, kwa hiyo azima kreti tupu mapema. Binafsi nimepunguza soda hadi chupa moja kwa kila mtoto na kujaza nafasi iliyobaki kwa juisi ya ukwaju na maembe, kwa kuwa Desemba ni msimu wa maembe na dodo moja zuri hushinda keki nyingi za dukani. Halafu pima mtungi wa gesi kwa kuunyanyua tarehe 20, si tarehe 24 usiku.

Hatua ya 5: Nguo

Kitambaa kimfikie fundi cherehani kabla ya katikati ya Novemba, kwani ahadi ya fundi mwezi Desemba kila mtu anaijua. Kwa mitumba, nenda soko la Karume asubuhi ya siku ya kazi mwanzoni mwa mwezi, ukiwa na vipimo vya miguu ya watoto vilivyochorwa kwenye karatasi. Nguo za familia nzima za kitenge kimoja zinapendeza kwenye picha, lakini zikiwa hazimo kwenye bajeti, kitambaa cha kichwa na tai ndogo za kitenge hichohicho vinatosha. Viatu vya sikukuu vya watoto wangu ni vyeusi vya ngozi, navyo huenda shule Januari. Walinuna mwaka wa kwanza.

Hatua ya 6: Kwa anayesafiri

Msafiri wa Moshi, Mbeya au Bukoba akate tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, mapema, kwa sababu wanaokwama Januari huwa wamemaliza nauli ya kurudi wakiwa kijijini. Nauli za mabasi zina ukomo uliowekwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hivyo dai tiketi inayoonyesha kiasi ulicholipa na uitunze. Kwa wanaokwenda Morogoro na Dodoma, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inafaa kulinganishwa na basi. Ukiona kwamba nauli ya watu watano ni kubwa kuliko fedha yote ya sikukuu iliyobaki katika hatua ya kwanza, mtumie mama sehemu ya fedha hiyo pamoja na doti ya khanga kwa mtu anayekwenda, na safari ipangiwe likizo ya Juni.

Hatua ya 7: Mkopo ukikuita

Wakopeshaji hujua kwamba Desemba mtu hapigi hesabu. Mtoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani anayekopesha bila kupokea amana za watu, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu chini ya sheria ya mwaka 2018, na ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 300,000 hiyo ni 10,500, ilhali mimi nilikuwa nikitoa 90,000. Muulize mkopeshaji leseni yake, omba mkataba ulioandikwa, na usimwachie kadi yako ya benki wala namba ya siri hata akiwa ni mtu wa mtaa wenu. Programu za mikopo za kwenye simu zinazoomba ruhusa ya kusoma majina ya watu uliowahifadhi zifute, kwa kuwa siku utakayochelewa kulipa, watakaopigiwa ni mkweo na bosi wako.

Aliyekwisha kukopa aende kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya marejesho, si baada yake, na aombe kupunguza mkopo wenyewe hata kwa 20,000 kila anapolipa riba, kwani kulipa riba tupu ndiko kulikonifikisha Aprili. Kila malipo yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili, na siku ya mwisho asiondoke bila maandishi yanayosema deni limekwisha, pamoja na hati yoyote aliyokuwa ameiweka dhamana.