Kufuga na Kuzalisha Furu Nyumbani: Ushauri kwa Wakazi wa Mwanza na Kando ya Ziwa Victoria

Wakazi wengi wa kando ya Ziwa Victoria humjua furu kama samaki mdogo mwenye miiba mingi, anayefaa kuwa chambo cha sangara au kitoweo cha siku ambayo nyavu hazikupata kitu. Hata hivyo, furu ni wa familia moja na sato, yaani familia ya sikilidi, na kwa mtu anayetaka kufuga samaki wa mapambo nyumbani hakuna samaki aliye karibu zaidi, anayezoea maji ya hapa kwa urahisi zaidi, wala anayepaswa kushughulikiwa kwa uangalifu zaidi kuliko yeye. Makala haya yanamlenga mfugaji anayeanza na tangi moja la kioo sebuleni, lakini anayekusudia kuzalisha na si kutazama tu.

Jambo la kwanza la kuamua, kabla hata ya kununua kioo, ni aina utakayofuga. Ushauri wetu ni huu: fuga aina moja, kutoka mahali pamoja, katika tangi moja. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na nyingi zimegawanyika hivi karibuni sana kwa kipimo cha historia ya viumbe, kwa kuwa ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa tena. Kwa sababu hiyo aina nyingi bado zinaweza kupandana na kutoa watoto wazima wenye uwezo wa kuzaa. Kinachozitenganisha majini ni chaguo la jike, naye huchagua dume kwa rangi.

Mfano mzuri ni Pundamilia nyererei, furu aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Jamaa yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana dume wa rangi ya buluu na kijivu, na wote wawili hukaa katika miamba ya visiwa vyetu, kwa mfano Makobe. Majike wa aina hizi mbili hufanana kiasi kwamba hata mtu mwenye uzoefu hutatizika kuwatofautisha. Mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji ya ziwa yanapokuwa na tope na mwani mwingi, nuru hupungua, rangi hazionekani vizuri, na mipaka kati ya aina huanza kufutika. Katika majaribio ya maabara pia, majike waliowekewa mwanga wa rangi moja uliofanya madume wekundu na wa buluu waonekane sawa waliacha kubagua.

Mfugaji anapaswa kulichukua jambo hilo kama maelekezo ya kazi. Taa ya tangi iwe nyeupe na si ya manjano au nyekundu, maji yawe maangavu, na vigogo vya miti vinavyotoa rangi ya kahawia visiwekwe. Hata hivyo, taa nzuri haitoshi kukulinda na machotara, kwa sababu jike asiye na dume wa aina yake ndani ya tangi atapandwa na aliyepo. Ukitaka kuchanganya aina mbili, ziwe za makundi yaliyo mbali kwa umbo na kwa chakula, na hata hapo vifaranga watiliwe shaka. Chotara mara nyingi huwa na rangi ya kuvutia, na mnunuzi asiyejua atamsifu. Huo ndio ubaya wenyewe, maana akishaingia katika kizazi chako hutamtoa tena. Hasara hii si ya mfugaji peke yake. Sangara aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 aliongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 na kumaliza furu wengi, na zipo aina ambazo leo hazionekani tena ziwani, hivyo kuzichanganya zilizosalia ni kuzidi kuzipoteza.

Kuhusu kupata mbegu, yaani samaki wa kuzalishia, usiende na chandarua ufukweni kwa matakwa yako. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, kwa hiyo muone afisa uvuvi wa halmashauri yako akueleze leseni na vibali vinavyohitajika kwa samaki hai wa mapambo. Katika maeneo ya hifadhi, kama Kisiwa cha Saanane kilicho karibu kabisa na katikati ya jiji, kuvua hakuruhusiwi. Unaponunua kwa mvuvi mwenye leseni au kwa mfugaji mwingine, uliza samaki wametoka kisiwa gani au ufukwe gani, na uandike jibu siku hiyo hiyo. Samaki wa jina moja kutoka visiwa viwili tofauti wahesabiwe kuwa makundi mawili na wasichanganywe. Muuzaji anayejibu kwamba wametoka "ziwani tu" anakuuzia samaki wa kutazama, na si mbegu.

Tangi la urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 40 huchukua karibu lita 160, na linatosha kundi moja la kuzalisha. Mafundi vioo wa mjini hulitengeneza bila shida, ilimradi kioo kisipungue milimita 6 (milimita 8 ni salama zaidi) na silikoni (gundi ya kuunganishia vioo) iwe ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kumbuka kwamba maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 160, hivyo kabati la televisheni halifai kulibebea tangi la namna hiyo. Mawe hayahitaji kununuliwa. Mawe ya granite yaliyojaa katika vilima vya Mwanza hayabadilishi maji, na yakisuguliwa vizuri kwa brashi na maji bila sabuni yanafaa kabisa. Yapangwe juu ya sakafu ya tangi kwanza ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka, kwa kuwa furu huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka siku moja na kuvunja kioo.

Maji yetu ni sehemu ambayo mfugaji wa Mwanza ana bahati nayo. Furu hustawi katika joto la nyuzi 23 hadi 26 na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya kati ya 7.5 na 8.5, hali ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hupatikana bila kifaa cha kupasha maji joto. Nunua kipimajoto tu, na ufikirie kifaa hicho ikiwa usomaji wa alfajiri unashuka chini ya nyuzi 22. Tatizo la maji ya bomba ni klorini. Yahifadhi katika ndoo zilizo wazi kwa saa 24, ikiwezekana ukiyapulizia hewa kwa pampu, au tumia dawa ya kuondoa klorini kutoka maduka ya samaki wa mapambo. Fanya hivyo kila mara, hata kama wiki iliyopita uliyatumia maji moja kwa moja na hakuna samaki aliyekufa, kwa sababu kiasi cha klorini kwenye bomba hubadilika.

Wapo wanaoona ni busara kuchota maji ziwani kwa kuwa ndiko samaki walikozaliwa. Tunawaomba wakumbuke kichocho. Vimelea vyake hutolewa na konokono, huelea majini na kupenya ngozi ya binadamu, na mkono wako utaingia katika tangi hilo kila wiki. Maji ya ziwa yasiyo na konokono, yakikaa kwenye chombo kwa saa 48, vimelea hivyo huwa vimekwisha kufa. Lakini konokono mmoja aliyejificha katika majani anaweza kuendelea kutoa vingine, kwa hiyo mimea na konokono wa ziwani wasiingie nyumbani kamwe.

Samaki wengi wa wafugaji wapya hufa katika mwezi wa kwanza, na aghalabu si kwa ugonjwa. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na ukali wake huongezeka kadiri pH na joto vinavyopanda, hivyo maji yanayompendeza furu ndiyo hayo hayo yanayoifanya amonia kuwa hatari. Bakteria wanaokaa kwenye sponji ya chujio, kifaa kinachosafisha maji ya tangi, huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa maji yanabadilishwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Washa chujio, tia chakula kidogo sana kila siku bila samaki, na usubiri hadi amonia na nitriti zisomeke sifuri kwenye vipimo vya maji. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi na samaki wenye afya, kipande cha sponji yake kitapunguza muda huo sana. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki, na sponji ioshwe katika maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini ya bombani huua bakteria uliowangoja kwa mwezi mzima.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni ununuzi wa lazima na si anasa. Kama huna, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara. Katizo likichukua saa nyingi, suuza sponji kabla ya kuwasha chujio tena.

Kwa tangi tulilolitaja, weka dume mmoja na majike watano au sita. Madume wawili katika nafasi hiyo watapigana, na aliyeshindwa atapoteza rangi, kisha mapezi, kisha uhai, ikiwa hatahamishwa. Samaki wapya wakae peke yao katika chombo kingine kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuungana na wenzao.

Chakula kifuate asili ya aina uliyonayo, kwa maana wapo furu wanaokwangua mwani, wapo wanaokula vijidudu vinavyoelea, na wapo wanaovunja konokono. Dagaa wakavu waliosagwa na kuchekechwa ni msingi mzuri kwa nyererei, lakini chagua waliokaushwa kwenye chanja na si mchangani. Uduvi ni bora zaidi, kwani una viini vinavyoimarisha rangi nyekundu. Wanaokula mwani wapewe mchicha uliochemshwa kidogo na dagaa kwa uchache, maana protini nyingi huwaletea uvimbe wa tumbo ambao ni vigumu kuutibu. Mkate na ugali havifai kwa yeyote kati yao. Lisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika tatu.

Samaki wakitulia, uzazi hauhitaji kulazimishwa. Dume huchimba kishimo karibu na jiwe na kutetemesha mwili mbele ya jike. Jike hutaga mayai machache, hugeuka na kuyachukua mdomoni, kisha hulifuata pezi la chini la dume lenye madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Anapojaribu kuyaokota madoa hayo hupokea mbegu za kiume, na mayai hurutubika mdomoni. Huatamia humo kwa takriban wiki mbili hadi tatu kulingana na joto, huku koo likiwa limevimba na bila kula. Mfugaji mwenye haraka humkamata siku ya pili, naye huyatema au kuyameza. Mwache mpaka siku ya kumi au kumi na mbili, kisha mhamishe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwenye tangi la lita 30 hadi 40 lenye chujio la sponji ambalo tayari lina bakteria wake, na kificho kimoja. Akishawaachia watoto mpe siku kadhaa za kula peke yake kabla ya kumrudisha, kwani jike aliyedhoofika akirejeshwa mapema husumbuliwa na dume hadi kufa.

Vifaranga huanza kula siku hiyo hiyo: dagaa aliyesagwa mpaka awe vumbi, mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Maji yao yabadilishwe mara nyingi zaidi kuliko ya wakubwa. Madume huanza kuonyesha rangi wakifikia miezi kadhaa, na hapo ndipo utakapojua kama jike uliyemnunua alikuwa wa aina uliyoambiwa. Dume kijana asiyefanana na baba yake ni sababu ya kuusimamisha uzao wote huo, na si yeye peke yake.

Weka daftari. Kila uzao uandikiwe jina la aina, mahali ilikotoka, tarehe, na tangi la wazazi. Badilishana madume na mfugaji mwenye samaki wa kisiwa hicho hicho kila baada ya vizazi viwili au vitatu ili ndugu wasipandane mfululizo. Samaki waliozidi wauzwe, wagawiwe au waliwe. Wasirudishwe ziwani, hata kama walitoka huko, kwa sababu watabeba magonjwa ya tangini, na kama ni machotara watabeba na uchotara wao.

Unapomsafirishia mnunuzi samaki, usiwalishe kwa saa 24 kabla ya safari, na tumia mfuko wa nailoni wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, au oksijeni ikipatikana. Dume akae mfuko wake. Safari ya usiku inafaa zaidi, kwa kuwa joto la mchana ndani ya basi hupunguza hewa iliyomo majini. Mnunuzi auache mfuko uelee juu ya maji ya tangi lake kwa nusu saa, aongeze maji yake kidogo kidogo ndani ya mfuko, kisha awatoe samaki kwa wavu na kuyamwaga maji ya safari nje, na pamoja na samaki apewe nakala ya ukurasa wa daftari unaowahusu.