Kuishi na mashine ya moyo kifuani huku ukingoja majibu

Daktari wa Bukavu akikuvalisha Holter, mashine inayoandika mapigo ya moyo kwa saa 24 au 48 mfululizo kupitia vibandiko vya kifuani, usijifungie nyumbani: panda hadi soko la Kadutu kama ulivyozoea, isipokuwa umekatazwa, kwa kuwa kinachotafutwa ni mwenendo wa moyo wako wa kila siku. Usiiloweshe tu.

Moyo ukidunda ghafla, usishike shingo kuhesabu mapigo, maana kujipima kila mara huongeza hofu, na hofu nayo huharakisha moyo. Andika daftarini saa, ulichokuwa ukifanya na ulichohisi. Kisha vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe taratibu zaidi kwa mdomo, mpaka mabega yalegee. Daftari hilo lina thamani kubwa, kwani daktari hulilinganisha na mchoro wa mashine.

Kungoja majibu ndiko kugumu zaidi. Uliza mapema yatatoka lini na nani atakueleza, na umwambie ndugu unayemwamini kwamba unaogopa. Lakini ukizimia, ukikosa pumzi au ukipata maumivu makali ya kifua, usingoje majibu: nenda hospitalini mara moja.