Aiskrimu na mtindi wa barafu bila mashine

Aiskrimu ya nyumbani ikikosea, kosa huwa ni maji kuliko ladha. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87. Embe nalo haliko mbali, na tui pia lina maji mengi. Maji hayo yakiganda polepole huku yametulia, hufanya vipande vya barafu vinavyosagika mdomoni kama mchanga. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja tu, kuyadhibiti maji: yapunguzwe kabla ya kuingia friza, yashikwe na sukari, mafuta na maziwa ya unga, kisha yagandishwe upesi huku yakikorogwa.

Pima kwa mizani kama unayo. Kama huna, kikombe cha mililita 250 kinachukua kama gramu 200 za sukari, na kijiko cha chakula cha maziwa ya unga, kikisawazishwa, ni kama gramu 8. Usipime sukari kwa jicho. Sukari haiko pale kwa utamu tu, ndiyo inayozuia aiskrimu isiwe jiwe. Ukiipunguza kwa nusu kwa kuogopa utamu, utaikwangua kwa kisu. Ukiizidisha, haitaganda kabisa, hasa kwenye friji ya mlango mmoja yenye kijisanduku cha barafu juu, ambacho mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Mchanganyiko ukiuonja ungali vuguvugu, uwe mtamu kupita kiasi kidogo, kwa kuwa baridi huupoza utamu ulimini.

Aiskrimu ya iliki

Kwa lita moja hivi: maziwa freshi mililita 600, krimu nzito mililita 200, sukari gramu 140, maziwa ya unga gramu 40, kornflawa vijiko 2 vya chakula vilivyosawazishwa, chumvi robo ya kijiko cha chai, na iliki punje 8 zilizotwangwa. Krimu iwe ile ya kupigwa ikaumuka. Ile nyepesi ya kupikia ina mafuta kidogo na aiskrimu hutoka na vipande vya barafu.

Changanya sukari na maziwa ya unga vikiwa vikavu, la sivyo unga utafanya madonge. Tia maziwa mililita 500 kidogo kidogo huku ukikoroga, weka iliki na chumvi, bandika moto wa wastani. Maziwa mililita 100 yaliyobaki, yakiwa baridi, koroga na kornflawa mpaka iyeyuke yote. Sufuria ikianza kutoa mvuke na vipovu pembeni, mimina kornflawa huku mwiko haupumziki, ukikwangua chini. Uache uchemke dakika mbili kamili. Wengi huepua mapema wakiona umeshakuwa mzito, na hapo ndipo ladha ya unga mbichi inapobaki, na kornflawa yenyewe haijashika maji ipasavyo.

Epua, tia krimu, chuja kwa kichujio chembamba. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi mpaka joto liishe, kisha funika na utie kwenye friji (siyo friza) usiku kucha, au saa 6 kwa uchache. Hatua hii haina njia ya mkato. Katika muda huo mafuta hushikana, maziwa ya unga hunyonya maji, na mchanganyiko unaingia kugandishwa ukiwa tayari na baridi. Mchanganyiko wa vuguvugu ukiutia friza, unaipasha moto friza yenyewe pamoja na samaki waliomo, na unachukua saa nyingi kuganda. Saa nyingi ni vipande vikubwa.

Ukiwa hupati krimu, au bei yake imekushinda, chemsha lita 1.5 ya maziwa freshi kwa moto mdogo kwenye sufuria pana mpaka yabaki mililita 750. Malai inayotanda juu usiitupe, ikwangue pembeni na uirudishe ndani. Tia sukari gramu 110, iliki, na nyuzi chache za zafarani zilizolowekwa kwenye kijiko cha maziwa moto. Yakishapoa mimina kwenye vikombe vidogo na ugandishe hivyo hivyo bila kukoroga. Hii ni kulfi, na haihitaji kukorogwa kwa sababu maji mengi yalishatoka kwa mvuke. Kwa mwenye friza dhaifu, kusema kweli, hii ndiyo ya kuanza nayo.

Kugandisha: barafu na chumvi

Njia ya ndoo inaishinda friza ya kawaida, na watu wanaiogopa bure. Unahitaji ndoo kubwa, sufuria ndogo ya alumini yenye mfuniko unaobana, barafu kilo 4 na chumvi ya mawe kilo 1. Chumvi ya kuanika ya Pemba inafaa sana, haina haja ya kuwa laini wala nyeupe. Barafu ya mapande inayouzwa kwa wavuvi inatosha, maana inakaa nje ya sufuria tu, ila usiichukulie kuwa ni ya kuliwa.

Ivunje ndani ya gunia kwa mchi mpaka vipande viwe vidogo kama nusu ya kidole gumba. Tandika chini ya ndoo, nyunyizia chumvi, weka sufuria yenye mchanganyiko usiozidi nusu yake, kisha zungushia barafu na chumvi kwa tabaka. Ukingo wa sufuria ubaki vidole vitatu juu ya barafu. Maji ya chumvi yakivuka ukingo huo, kazi yote imekwisha. Hakuna cha kuokoa.

Barafu tupu hukaa kwenye nyuzi sifuri, na maziwa yenye sukari hayagandi mpaka yashuke chini ya hapo, kwa hiyo barafu bila chumvi itayapoza tu. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na katika kuyeyuka hunyang'anya joto la sufuria, ikashuka nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Usiishike kwa mkono mtupu, inaunguza.

Zungusha sufuria kulia na kushoto mfululizo. Kila dakika tano futa mfuniko kwa kitambaa kabla hujaufunua, kwangua kilichoganda ukutani kwa mwiko wa mbao, kirudishe katikati, kisha piga kwa nguvu mara kadhaa ili hewa iingie. Ikifika dakika 30 au 40, mwiko ukipita utaacha njia isiyojifunga. Komea hapo. Ukiendelea kupiga, mafuta ya krimu hugeuka siagi na utayasikia yakiganda juu ya kaakaa. Hamishia kwenye chombo kilichokuwa kimelala friza, bandika karatasi ya plastiki juu ya aiskrimu yenyewe bila kuacha hewa, funika, na uache saa 4.

Ukiamua kutumia friza peke yake, mimina kwenye trei pana ya bati, kina chake kisizidi vidole viwili. Baada ya dakika 45 kwangua pembeni na upige kwa uma au mchapo wa mayai, kisha rudia kila nusu saa mara nne au tano. Watoto wasifungue friza kila dakika kutafuta maji ya baridi. Hilo ni gumu kuliko mapishi yenyewe.

Mtindi wa barafu

Hapa usianze na mtindi kama ulivyo. Mtindi una maji mengi na mafuta kidogo, ukiugandisha hivyo utapata barafu chachu. Chukua lita 1.5 ya mtindi wa maziwa halisi, umimine kwenye kitambaa safi cha melimeli kilichotandikwa juu ya kichujio, funga, weka bakuli chini, na uache kwenye friji saa 6 hadi 8. Itabaki kama nusu ya ulichotia. Maji yake yanafaa kukandia unga wa chapati au maandazi. Mtindi wa dukani uliotiwa wanga au jelatini hautoi maji hata ukiutundika mpaka kesho, basi soma kibandiko kabla hujanunua.

Ukitaka kutengeneza mtindi mwenyewe, chemsha maziwa, yapoe mpaka kidole kivumilie hesabu ya kumi bila kuungua, koroga vijiko viwili vya mtindi wa zamani kwa kila lita, funika na uuache usitikiswe. Kwa joto letu saa 6 hadi 8 zinatosha. Ukishashika utie friji mara moja, maana ukiendelea kukaa nje unazidi kuchacha, na uchachu huo sukari haiufichi.

Kwa gramu 750 za mtindi uliochujwa tia sukari gramu 150 iliyosagwa, maziwa ya unga vijiko 3, chumvi chembe, na maji ya ndimu kijiko kimoja kama mtindi ni mpole. Usiupashe moto, utakatika. Koroga mpaka chembe za sukari zisisikike, poza saa 2, kisha ugandishe kwa ndoo au kwa trei.

Mwenye blenda yenye nguvu ana njia nyepesi: mimina kwenye trei za barafu, gandisha mpaka zigande kabisa, acha vipande nje dakika 8, halafu visage kidogo kidogo. Usijaze jagi. Mota ikianza kunuka, izime.

Tui na matunda

Kwa aiskrimu ya nazi tumia kasimile, yaani tui zito la kwanza, si tui la pili. Nazi mbili kubwa zilizokunwa na kukamuliwa kwa maji ya vuguvugu kidogo hutoa kama mililita 500. Ongeza maziwa mililita 250, sukari gramu 130, asali kijiko kimoja na nusu, kornflawa vijiko 2 na chumvi. Pika kornflawa kwenye maziwa kwanza mpaka ichemke, punguza moto, ndipo utie tui, koroga mpaka lipate moto tu na uepue. Likitokota kwa nguvu litakatika, na tui lililokatika hufanya vidonge vya mafuta. Asali ina kazi yake: mafuta ya nazi huwa magumu sana yakiganda, na asali hulainisha zaidi ya sukari ya kawaida.

Embe ni tunda rahisi kuliko yote. Boribo na dodo zina nyama nyingi. Zenye nyuzi zisage na uzichuje. Pika rojo gramu 300 kwa moto mdogo mpaka ibaki kama gramu 200, poza, ndipo uchanganye na mtindi au maziwa. Rojo mbichi huleta maji yale yale unayoyakimbia. Nanasi na papai ni lazima uvipike vikachemke, kwa sababu vikiwa vibichi vina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na baada ya saa moja utaonja uchungu. Ukwaju na pasheni ni chachu, vitie mwishoni kwenye mchanganyiko uliokwisha poa. Stafeli ni tamu kwa mtindi, lakini toa mbegu kwa mkono, si kwa blenda. Mbegu zake zina sumu na hazifai kusagwa.

Ikiharibika

Ikiwa ngumu mno, iteremshe kwenye friji dakika 15 kabla ya kuipakua. Ikiwa hivyo kila mara, ongeza sukari gramu 20 safari ijayo. Ikitoka na barafu, iyeyushe ndani ya friji, upoze vizuri na ugandishe tena kwa ndoo, si kwa friza. Ikinuka samaki, chombo hakikubana. Mafuta ya maziwa hunyonya harufu, na friza nyingi za hapa hukaa na changu na pweza pamoja, basi tumia chombo chenye mfuniko wa kubana, kisha kitie ndani ya mfuko wa pili.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia. Iliyojaa hushika baridi saa nyingi, lakini aiskrimu, kwa sukari yake, hulainika kabla ya nyama. Iliyolainika tu inaweza kugandishwa tena, ingawa itakuwa na vipande. Iliyoyeyuka ikapoteza baridi ya friji kwa zaidi ya saa 2 imwage, hasa yenye maziwa. Iliyo salama ladha yake hukaa vizuri wiki mbili. Baada ya hapo barafu huanza kujikusanya juu, nayo ukiikwangua chini bado huwa nzuri.