Namna ya kujadili kosa lililoiangusha Ujerumani ya Hitler

Naongoza midahalo ya historia kwa vijana wa kidato cha tano na sita, na mada isiyokosa wasemaji ni hii: ni kosa gani liliiangusha Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili? Mmoja atasema Dunkirk, pwani ya Ufaransa ambako Waingereza waliponyoka mwaka 1940, mwingine Stalingrad, mji wa Kisovieti kwenye mto Volga, wa nyuma kabisa atapaza sauti kwamba ni baridi ya Urusi tu. Mjadala huo hauzai kitu mpaka uwe na sharti: anayetaja kosa ataje pia uamuzi uliopaswa kuchukuliwa, tarehe yake, na mafuta na reli za kuutekelezea.

Chukueni Kiev, mji mkuu wa Ukraine, wakati Ujerumani ilipoivamia Urusi ya Kisovieti. Tarehe 21 Agosti 1941 Hitler aliamuru vifaru vya jenerali wake Guderian vigeukie kusini badala ya kusonga moja kwa moja kwenda Moscow. Mtoa hoja atasema vita vilipotea siku hiyo. Mwacheni amalize, kisha mbaneni. Jeshi kubwa la Kisovieti lililokuwa Kiev, Hitler angeliacha ubavuni mwake? Wajerumani walidai kuteka zaidi ya watu 600,000 pale. Na chakula na risasi vingefikaje? Reli za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524, za Ujerumani 1,435, kwa hiyo njia ilibidi ipigwe upya kabla treni zao hazijapita. Sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilivutwa na farasi. Sijasikia bado jibu la kuniridhisha kwa maswali hayo.

Chungeni sana mashahidi. Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani hadi Septemba 1942, baada ya vita aliongoza maofisa wenzake kuwaandikia Wamarekani historia, na lawama nyingi zikamwangukia Hitler, ambaye hakuwa hai kujitetea. Wekeni mezani shajara ya Halder mwenyewe: tarehe 3 Julai 1941 aliandika kwamba si kutia chumvi kusema Ujerumani imeshinda vita vya Urusi ndani ya wiki mbili. Dharau ile ilikuwa ya makao makuu yote.

Hoja ninayoipa alama za juu ni ya 23 Julai 1942, Hitler alipoagiza Stalingrad na mafuta ya Caucasus viendewe kwa wakati mmoja. Hapa mbadala ulikuwepo: lengo moja kwanza. Mji wa mafuta wa Maikop waliufikia Agosti na kukuta visima vimeharibiwa, na Baku, wenye mafuta mengi zaidi, hawakuuona. Paulus, kamanda wa jeshi lao lililozingirwa Stalingrad, akajisalimisha tarehe 31 Januari 1943.

Kuna hoja moja ninayoikatiza hapo hapo: kwamba Wajerumani wangeshinda kama wangewatendea wema watu wa Ukraine na mateka. Mateka wa Kisovieti wapatao milioni 3 walikufa mikononi mwao, na njaa ya raia iliandikwa kwenye mipango kabla ya uvamizi. Mauaji yalikuwa lengo la vita vile. Kuyaita kosa la mbinu ni kuwadhulumu waliouawa.

Kwa wanaoanza, tumieni 11 Desemba 1941, Hitler alipotangaza vita dhidi ya Marekani. Mkataba na Japani haukumlazimisha, kwa kuwa ulihusu mshirika aliyeshambuliwa, na Japani ndiyo iliyoishambulia Marekani. Upinzani nao una silaha: manowari za Marekani na nyambizi za Ujerumani zilikuwa tayari zimeshapigana katika Atlantiki. Gaweni pande mbili, kila msemaji dakika tano.