Somo: Ukiletewa habari ya taa ya ajabu angani, anza na saa

Januari 2025 mama mmoja wa Rau, hapa Moshi, alituambia sisi wa kikundi cha kuchunguza taa za angani kuwa taa nyeupe ilimfuata usiku akitoka kwa jirani. Alikuwa anakatiza kwenye migomba. Akisimama, nayo inasimama. Akitembea, nayo inatembea, inamchungulia kati ya majani. Alidhani ni ndege ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, lakini ndege ingeshuka, na hii haikushuka.

Mimi ndiye niliyeandika maelezo yake. Alisema "saa mbili na dakika kumi", nami nikaandika 2:10. Wiki mbili tukawa tunahangaika na anga la saa nane usiku, tukitafuta kitu ambacho hakikuwepo, huku mama wa watu anachekwa mtaani kwamba anaona majini. Mwenzetu mmoja alimrudia, akamuuliza kama alikuwa ameshakula. Alikuwa bado hajapika. Kumbe ilikuwa 20:10. Tulipofungua ramani ya nyota tukaikuta Zuhura, nyota ya jioni, upande wa magharibi kuelekea KIA, iking'aa kuliko nyota zote.

Mama yule aliona kweli. Kosa lilikuwa kwenye daftari langu, na ndiyo maana naandika somo hili.

Hatua ya 1: Saa, tarehe, mahali
Andika saa kwa namna zote mbili: saa mbili na dakika kumi usiku, 20:10. Kisha tafuta cha kuishikiza. Adhana ya isha ilikuwa imeshatoka? Taarifa ya habari ilikuwa imeanza? Kama alimpigia mtu simu kumwambia, fungua orodha ya simu zilizopigwa; hapo utapata dakika kamili.

Hatua ya 2: Mwache aseme
Anza na "ulikuwa unafanya nini?" halafu nyamaza. Akitua, sema "enhe, ikawaje?" Usimuulize kama kilikuwa na madirisha, maana ukishayataja atayaona. Mpe karatasi achore kabla hujamwonyesha picha yoyote. Wakiwa mashahidi wawili, kaa na kila mmoja peke yake, siku hiyohiyo ikiwezekana.

Hili la kuwatenganisha lina uzito wake. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto zaidi ya hamsini wa shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao. Siku mbili kabla, watu wengi kusini mwa Afrika walikuwa wameona mwanga mkubwa wa mabaki ya roketi ya Urusi yakiungua angani, na gumzo lilikuwa hilo tu. Wachunguzi walipofika, watoto walikuwa wameshasimuliana wenyewe kwa wenyewe. Michoro yao ipo mpaka leo na mabishano hayajaisha. Mimi siwaiti waongo. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyekaa na kila mtoto peke yake mchana uleule.

Hatua ya 3: Rudi naye palepale, saa ileile
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokwepa kwa sababu ya baridi na mbwa. Msimamishe pale alipokuwa amesimama. Mwambie anyooshe kidole kilipoanzia na kilipoishia. Watu wa Moshi watakwambia "mlimani" au "kule chini TPC", yaani kiwanda cha sukari. Andika hivyohivyo walivyosema, kisha soma dira ya simu na uandike digrii.

Kwa urefu kutoka upeo wa macho, tumia ngumi: mkono ukiwa umenyooshwa, ngumi moja ni kama digrii 10, na kidole kidogo ni kama digrii 1. Mtu akisema kilikuwa kikubwa kama sinia, hujapata kitu, kwa kuwa sinia la umbali gani? Mpe punje ya hindi aishike kwa mkono ulionyooshwa, umuulize kama ingekifunika. Wengi hushangaa kuona kuwa punje hiyo hufunika mwezi mpevu mzima, kwa sababu mwezi ni nusu digrii tu.

"Mita mia mbili juu" usiiandike kama kipimo. Usiku, taa usiyoijua ukubwa wake haikupi umbali wala mwendo.

Mwulize pia kama kulikuwa na kitu cha kulinganishia, labda kona ya bati au nguzo ya umeme. Ukikodolea nukta moja gizani, jicho lenyewe huifanya ionekane inacheza. Kama iliiacha ile kona ya bati na kwenda zake, hapo ndipo tuna mwendo wa kweli.

Hatua ya 4: Pitia vitu vinavyojulikana
Sayari na nyota: programu ya ramani ya nyota, Stellarium, ni ya bure, iwekee tarehe, saa na mahali. Ndege: inayokuja moja kwa moja usoni kwako huonekana imesimama dakika kadhaa, kisha ikigeuka taa kama imezimwa. Angalia tovuti ya kufuatilia ndege, Flightradar24, mapema, maana kumbukumbu za bure hazikai siku nyingi. Satelaiti: Kituo cha Kimataifa cha Anga hukatiza anga kwa takriban dakika sita, hakimetimeti, na hufifia kikiingia kwenye kivuli cha dunia; tovuti ya Heavens-Above itakupa ratiba. Kimondo ni sekunde chache tu. Taa zikiwa zinapanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku wa manane, kumbuka wapandaji huanza safari ya kileleni karibu na saa sita, kila mmoja na taa yake kichwani.

Hatua ya 5: Andika hukumu
Tunatumia nne: imetambulika, inaelekea imetambulika, maelezo hayatoshi, haijatambulika. Msichanganye mbili za mwisho. Habari isiyo na saa wala upande ni maelezo hayatoshi, hata ikisisimua namna gani. Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa kuchunguza vitu visivyojulikana angani, Blue Book, uliofungwa 1969, lilikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki hazijatambulika. Mshauri wake wa elimu ya nyota, J. Allen Hynek, alianza akiwa hayaamini mambo haya, akaishia kudai yachunguzwe kwa heshima. Naungana naye.

MASWALI YA WANACHAMA

Sakina, Arusha: Shikamoo mwalimu. Nina picha ya duara la kijani juu ya Meru, nilitumiwa WhatsApp.
Marahaba. Mwombe aliyepiga akutumie faili halisi kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp hubana picha na kuondoa taarifa za saa. Kisha tafuta taa kali kwenye picha, chora mstari kutoka hapo kupitia katikati ya picha. Duara likiangukia kwenye mstari huo, upande wa pili wa katikati ya picha, ni mng'ao ndani ya lenzi.

Kiboriloni: Mchana nimeona sahani nyeupe imetulia juu ya Kibo karibu saa nzima.
Ilikuwa na kingo laini? Upepo ukipanda mlima hupoa, unyevu unakuwa wingu. Ukishuka ng'ambo, wingu linayeyuka. Hewa inapita, umbo linabaki. Piga picha kila baada ya dakika tano, utaliona likijengeka na kuliwa pembeni.

Njiro: Taa kama ishirini zimepanga mstari, zinafuatana kimya.
Satelaiti za Starlink, siku chache baada ya kurushwa. Zimekuwa zikirushwa kwa makundi tangu 2019. Hata hivyo nitumie saa na upande, tuhakiki.

Majengo: Bibi yangu anasema ni ungo wa wachawi. Niandike?
Andika, kwa maneno yake, kwenye sehemu ya "shahidi anavyoelewa". Usimbishie bibi. Lakini nakuomba sana, ndugu yangu: kama mstari wa dira umepita juu ya nyumba ya mtu, nyumba hiyo isitajwe popote. Wazee wameuawa nchi hii kwa tuhuma za namna hiyo. Kama huwezi kuificha, chana karatasi.

Usa River: Kikianguka kitu je?
Usiguse, zuia watoto, ita polisi na mwenyekiti wa kijiji. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi.

Pasua: Yule mama wa Rau mlimwambia?
Tulienda naye kwenye migomba, saa mbili na dakika kumi usiku. Zuhura ilikuwa palepale. Akatembea hatua kumi, akasimama, akaitazama kati ya majani. Akarudia tena. Kisha akasema, "Ndiyo hii. Sasa niitieni na yule aliyenicheka."