Namna ya Kumfundisha Farasi Ufukweni Malindi, na Imani Inayojifunzwa Pamoja Naye

Mwongozo huu nimewaandikia vijana Wakristo wa Malindi wanaopata kazi ya kuwatunza na kuwaongoza farasi wa kupanda ufukweni, pamoja na walimu wa shule ya Jumapili wanaotafuta mfano ambao mtoto anaweza kuushika kwa mkono wake. Katika kila hatua nitaeleza kwanza kazi yenyewe, kisha jambo la imani ambalo kazi hiyo ilinifungulia. Naomba mpangilio huo usigeuzwe, kwa sababu anayemwendea farasi akitafuta mfano tu, bila kumjali farasi kama farasi, atakanyagwa mguu kabla hajapata mfano.

Farasi ni mgeni katika pwani hii. Misitu ya bara ina mbung'o, nao mbung'o huleta ugonjwa wa nagana. Tena kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu ambao huuma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri. Punda huyastahimili maradhi haya kuliko farasi, na kwa hiyo mzigo wa mji wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, hubebwa na punda hadi leo. Mengi nitakayoyasema yanamfaa punda pia, ila punda hutaka kufikiri kabla ya kutii, na mwalimu wake anahitaji subira maradufu.

Kabla ya kamba, chakula

Mfuko wa chakula wa farasi ni mdogo ukilinganishwa na mwili wake, na asidi humwagika ndani yake mchana kutwa na usiku kucha, ale asile. Kwa maumbile yake ni mnyama wa kula nyasi kidogo kidogo kwa saa nyingi. Akishindishwa njaa tangu asubuhi, kisha jioni akamwagiwa nafaka nyingi kwa mpigo mmoja, anaweza kupatwa na msokoto wa tumbo, na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, msokoto huo unaweza kumwua. Huku kwetu kuna hatari ya pili: nyasi zikitupwa chini mchangani, atameza mchanga pamoja nazo, na mchanga huo utalala matumboni mwake ukijikusanya siku baada ya siku. Kwa hiyo mlishe katika hori au juu ya turubai safi, mara nyingi kwa siku, na maji yasikosekane kamwe, kwani farasi mmoja hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku, na zaidi joto la Kaskazi linapozidi.

Mimi nilielewa habari ya mana katika Kutoka 16 nikiwa nimeshika uma wa nyasi. Waisraeli walipewa cha siku kwa siku, na walichokiweka hadi kesho yake kikaoza na kutoa mabuu. Mkristo anayeshinda na njaa tangu Jumatatu, kisha Jumapili akataka kushibishwa juma zima kwa ibada moja ndefu, anaishi kama yule farasi wa nafaka za jioni. Zaburi moja wakati wa kuteka maji na sala fupi kabla ya kufungua zizi hulisha kuliko karamu moja ya wiki.

Kulegeza

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na hapa ndipo nilipokosea zaidi.

Nilipoanza, nilipewa jike wa miaka mitano aliyekataa kutoka langoni. Nilimfunga kamba ya kichwani nikavuta, naye akavuta kwa upande wake, kwa kuwa farasi akibanwa hukisukuma kile kinachombana. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekulia Lamu akichunga punda, akiwa ameketi kivulini akitutazama. Nilipomwamkia, aliitikia kisha akasema, "Mwanangu, mwaka huu utakwisha mkivutana. Ivute kamba kidogo tu, umngoje. Akiinua mguu, mlegezee." Nikamwuliza kama hatakimbia nikimlegezea. Akacheka: "Akimbilie wapi, na kamba unayo mkononi?"

Fanya hivi. Simama kando ya bega la kushoto la farasi wala si mbele yake, kwa sababu ingawa huona karibu pande zote, haoni kilichoko mbele ya paji la uso wake wala kilichoko nyuma ya mkia. Nyosha kamba mpaka ukaze wake usikike kichwani mwake, kisha usiongeze wala usipunguze, ngoja tu. Atapinga, atageuza shingo, atasimama kama nguzo. Kisha itafika nukta atakapohamisha uzito wake kuja upande wako, pengine kwa upana wa kwato moja. Nukta hiyo hiyo legeza kamba yote, umpapase shingoni, na umwachie apumzike huku ukihesabu hadi kumi. Farasi hajifunzi kwa kuvutwa. Hujifunza pale unapoacha kuvuta. Ukichelewa hata kwa muda mfupi, utakuwa umelilipa tendo jingine alilolifanya baadaye, na atashika hilo. Siku za mwanzo dakika 15 zinatosha.

Nilipokuwa nikifanya zoezi hili kwa juma la pili, nilikumbuka habari ya mwana mpotevu katika Luka 15. Yule baba hakumngoja mwanawe afike mlangoni, apige magoti na kumaliza maneno aliyoyapanga njiani. Alimwona angali mbali, akakimbia. Kijana alikuwa amekusudia kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi, lakini ukiisoma habari hiyo kwa makini utaona kwamba sentensi hiyo hakuifikisha mwisho, kwa maana baba alikuwa ameshaagiza vazi. Huko ndiko kulegeza kamba katika hatua ya kwanza. Nasikitika kusema kwamba nimesikia toba ikihubiriwa kama kamba isiyolegezwa kamwe: mtu anaungama leo, na Jumapili inayofuata anavutwa kwa kosa lile lile, mpaka anajifunza kwamba kusogea na kutosogea ni mamoja. Farasi aliyefundishwa namna hiyo hufa ganzi mdomoni. Waumini nao hufa ganzi masikioni.

Mzee yule ni Mwislamu, na aliwahi kunisomea sura ya Kurani inayoapa kwa farasi waendao mbio wakitoa pumzi. Mimi ni Mkristo, lakini ufunguo wa kusomea Luka niliupata mkononi mwake, na sioni haya kuukiri ukweli huo.

Tandiko, lijamu na jicho

Usimpande farasi kabla hajafikia umri wa miaka 3 au 4, na hata hapo mpande kwa muda mfupi, kwa sababu mifupa ya mgongo wake huendelea kukomaa hadi karibu na mwaka wa sita. Mzoeze tandiko kwa siku kadhaa bila mtu juu yake, ukikaza mshipi wa tumboni kidogo kidogo. Kisha lala kifudifudi juu ya tandiko, ukishuka mara tu anapotulia, na baada ya siku nyingi za zoezi hilo ndipo upitishe mguu na kuketi. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400 asibebe zaidi ya kilo 80. Hapo ndipo utakapolazimika kumwambia mteja mwenye fedha mkononi kwamba haiwezekani. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa namna anavyouangalia uhai wa mnyama wake, na mtihani huo kwetu huja kwa sura ya mteja anayelipa vizuri.

Aliyepitia majuma hayo yote hawezi tena kuisoma Marko 11 kwa haraka. Mwanapunda aliyeletewa Yesu hakuwa amepandwa na mtu yeyote, lakini alitandikwa nguo za watu na kutembea katikati ya umati unaopiga kelele na kutandaza matawi njiani. Mimi sijapata kumwona mnyama ambaye angeyavumilia hayo siku ya kwanza.

Lijamu hukaa mahali ambapo farasi hana meno, kati ya meno ya mbele na magego, juu ya ufizi mtupu. Kipande hicho kidogo cha chuma hugeuza mwili mzima, kama Yakobo 3:3 inavyosema, lakini pia huumiza upesi, na kwa hiyo anayeanza asipewe lijamu kabla mikono yake haijatulia. Ajifunze kwanza kwa kamba ya kichwani.

Kisha mfundishe farasi jicho. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, ambapo ufuko huwa mpana na mchanga wenye unyevu ni mgumu chini ya kwato, simika vigingi vitatu vikiwa vimeachana hatua thelathini. Epuka mchanga mkavu wa juu, kwani huzama na kuikaza mishipa ya miguu. Nenda kwa mwendo wa kawaida, hatamu ikiwa imelegea, na ukikaribia kigingi cha kwanza usikitazame tena. Tazama cha pili. Utakapogeuza macho, mabega yako yatageuka, nyonga zitafuata, na uzito wako utahama bila wewe kukusudia. Farasi huhisi nzi anapotua ubavuni mwake, atakosaje kuhisi hilo? Ikiwa hakugeuka, ndipo uongeze mguu, na mwisho kabisa hatamu. Baada ya majuma machache utaona hatamu haina kazi. Usiingie mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kabla ya kufika hapo, na shoti, yaani mbio za kasi, iache kabisa mwaka wa kwanza.

Zaburi ya 32 ina mistari miwili iliyoandamana ambayo wengi wetu huisoma kana kwamba haijuani. Katika mstari wa 8 Mungu anaahidi kutufundisha njia, jicho lake likitutazama. Katika mstari wa 9 anatuonya tusiwe kama farasi au nyumbu asiyezuilika ila kwa lijamu na hatamu. Zipo njia mbili za kuongozwa, na Mungu anaonyesha anayoipenda. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba aliyekomaa hahitaji amri tena. Farasi wangu aliyezoea jicho bado huvaa lijamu, kwa sababu ipo siku mbwa atatokea nyuma ya mtumbwi ghafla. Amri hukaa mdomoni. Hazivutwi kila hatua.

Bahari na hofu

Farasi mgeni huliona wimbi kama kitu kinachomrukia. Chagua siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala kukupwa sana, utangulize farasi mzoefu, na mlete mgeni nyuma yake hadi masikio yake yasimame. Hapo simama kabla hajakataa, mpe pumzi, mrudishe. Kesho sogea hatua mbili zaidi. Anayemburuta farasi hadi majini siku ya kwanza atamfikisha, lakini hatamfikisha mara ya pili. Kanisa nalo lina wazee waliokwisha kupita majini. Kijana mwenye mashaka awekwe nyuma yao, wala asisukumwe mbele kushuhudia jambo ambalo bado linamtetemesha.

Lakini si kila kukataa ni hofu ya bure. Asubuhi moja nilimchapa yule jike mara mbili kwa kusimama ufukweni mahali pasipo na kitu, nami nilikuwa na haraka. Niliposhuka nilikuta wavu wa nailoni umefukiwa nusu mchangani, hatua moja mbele ya miguu yake. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu kabla ya kumwona malaika ambaye punda alikuwa amekwisha kumwona. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kushuka na kutazama kwanza, na nyumbani pia, mtoto anapokataa jambo bila kueleza sababu, najitahidi kufuata sheria hiyo hiyo.

Mfano huu una mpaka wake, nao usivukwe. Mungu halegezi kwa kuchelewa wala hachapi kwa haraka kama mimi, na binadamu si mnyama. Hatari kubwa zaidi ni pale kiongozi wa kanisa anaposoma maneno kama haya na kujiona yeye ndiye mpandaji. Katika mfano huu wote, mchungaji na mshirika wana hatamu moja, na haikushikwa na yeyote kati yao.

Ukimaliza mazoezi, usimrudishe farasi zizini akiwa na chumvi mwilini, kwani itamchubua chini ya tandiko. Mwoshe kwa maji baridi yasiyo ya bahari kuanzia miguuni kwenda juu, kwangua kwato na utoe mchanga na vipande vya kombe, pitisha mkono chini ya kila goti ukitafuta joto lisilo la kawaida. Mpe maji, kisha nyasi. Mimi husali pale pale, kiganja kikiwa begani mwake, sala isiyozidi muda wa kunywa kwake, halafu nashusha chandarua cha zizi na kufunga mlango jua likiwa bado juu kidogo ya minazi, kabla visubi hawajaamka.