Somo: Nani aone nini kwenye taarifa za biashara yako

Wenye maduka ya jumla wengi hapa Dodoma wanawaogopa wadukuzi wa mbali. Mimi naiogopa zaidi ile nywila moja ya kompyuta ya kaunta inayojulikana na keshia, mtunza stoo na hata dereva. Deni la mteja likifutwa hutajua nani kafuta, maana wote wameingia kwa jina moja.

Tuchukue duka la mafuta ya alizeti pale Majengo, linalonunua mbegu kwa wakulima wa Kongwa na Kondoa.

Hatua ya 1. Orodhesha taarifa ulizonazo: bei za kununulia, madeni, majina na simu za wakulima, mauzo ya siku, mishahara. Kwa kila moja jiulize ni nani kazi yake itakwama asipoiona. Ukijiuliza nani anaaminika, utamfungulia kila mtu, shemeji akiwa wa kwanza.

Hatua ya 2. Kila mtu awe na akaunti yake. Keshia aingize mauzo, ila kufuta risiti abaki nako msimamizi. Mtunza stoo aone idadi ya madumu, bei ya kununulia haimhusu.

Hatua ya 3. Wanaotumia Google Sheets, yaani majedwali ya hesabu ya mtandaoni, hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Kuficha ukurasa ndani ya faili si ulinzi: hata aliyepewa ruhusa ya kutazama tu anaweza kutengeneza nakala yake na kuufunua. Kuufunga usihaririwe nako hakuzuii usisomwe. Mishahara na bei za kununulia ziwe kwenye faili nyingine kabisa. Na unaposhirikisha, andika barua pepe ya mtu mmoja mmoja. Ukiruhusu yeyote mwenye kiungo, siku kiungo kikitupwa kwenye grupu la WhatsApp imekula kwako.

Hatua ya 4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe ya biashara, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, itakiwe na hatua ya pili kama namba inayotumwa kwenye simu yako. Nywila nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo, kwa hiyo anayeishika ameshika duka zima.

Hatua ya 5. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa soda na picha. Kisha ingia WhatsApp ya biashara, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe cha kwake.

MASWALI

Swali (Kibaigwa): Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ananunua mahindi kwa laini yake mwenyewe. Akiondoka si anaondoka na wakulima wote?

Jibu: Marahaba. Anaondoka nao, na laini ni yake kihalali, imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Kabla ya msimu sajili laini ya biashara kwa jina lako au la kampuni. Simu kuu ikae kwako, simu yake uiunganishe kwenye WhatsApp ya laini hiyo kama kifaa cha ziada. WhatsApp inaruhusu hadi vinne. Weka na ile namba ya siri ya WhatsApp ya tarakimu sita, inayoulizwa mtu akijaribu kuisajili namba yako kwenye simu nyingine, usimtajie.

Swali (Area C): Kaka, mhasibu wangu huja mwisho wa mwezi tu. Nimpe nywila yangu amalize haraka?

Jibu: Hapana dada. Mpe ruhusa ya kutazama kwa barua pepe yake, akimaliza iondoe.

Swali (Singida): Duka langu lina watu watatu. Hii sheria ya taarifa binafsi inanigusa?

Jibu: Inakugusa ukikusanya majina, simu na vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Inakutaka uzilinde, na ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anzia na zile picha za vitambulisho vya NIDA vya wakulima zilizojaa kwenye simu ya keshia. Zinazohitajika zihamishie kwenye faili lako, zilizobaki zifutwe, na msisahau kapu la takataka la simu.